Fomu ya Mfadhili Ilitoka Wapi?

Kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa ombi lile lile. Kijana ana kikundi chake, labda cha kuwafundisha ushonaji watoto waliokuwa wanalala stendi, labda cha kuwasaidia akina mama waliofiwa na waume. Katiba wanayo, mwenyekiti wanaye, mhuri wanao. Wameona tangazo la wakfu fulani huko Marekani kwamba unatoa ruzuku kwa kazi za vijana na familia. Basi ananiandikia: "Kaka, nitumie sampuli ya andiko lililowahi kupata hela." Huwa namjibu kuwa sampuli haitamsaidia sana. Leo nataka nieleze kwa nini, ila itabidi tuzunguke kidogo. Tutapita New York, tutapita Kabete, halafu tutaingia kwenye nyumba moja ya ufukweni huko Massachusetts.

Jambo lenyewe ni hili. Ile fomu inayokukosesha usingizi imejengeka kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 100, na karibu kila swali liliingizwa wakati mtoaji alipoogopa kitu. Mwingine aliogopa kuombwa na kila mtu. Mwingine aliogopa hela yake iliwe. Mwingine aliogopa Bunge. Ukijua aliogopa nini, unajua unaulizwa nini.

Tuanze na neno. Sisi tunasema "wakfu", na watu wa pwani walikuwa nalo karne nyingi kabla Ford hajaunda gari. Mtu wa Unguja au Mombasa aliweza kulitoa shamba lake la minazi kuwa wakfu wa msikiti, wa kisima, hata wa kizazi chake mwenyewe, na tangu siku hiyo mali ile haiuzwi wala hairithiwi. Masharti anaweka mtoaji. Fomu ya kuomba haikuhitajika, kwa sababu waliokusudiwa walishatajwa. Taasisi za Marekani ambazo tumezipa jina hilo hilo zina tofauti moja kubwa: watakaofaidika hawajatajwa. Kilichotajwa ni kusudi tu, tena kwa maneno mapana kama "ustawi wa binadamu". Mlango umeachwa wazi, angalau kwa maandishi. Na mlango ukiwa wazi watu watapiga hodi.

Walipiga hodi kweli kweli. John D. Rockefeller, yule tajiri wa mafuta, mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa hapumui. Watu walimfuata kanisani, walimfuata ofisini, walimwinda mpaka nyumbani. Inaelezwa kuwa baada ya mchango wake mmoja mkubwa wa elimu kutangazwa magazetini, alipokea barua 50,000 za kuomba msaada ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 1891 alimchukua mchungaji wa Kibaptisti, Frederick T. Gates, amsaidie kupanga utoaji wake. Gates alimshauri aache kutoa kwa rejareja, atoe kwa jumla. Yaani asimpe mtu mmoja mmoja wala kanisa moja moja. Azipe taasisi kubwa ambazo zenyewe zitagawa chini. Ushauri huo ndio ulioishia kuwa Wakfu wa Rockefeller, uliopata hati yake katika jimbo la New York mwaka 1913 baada ya Bunge la Marekani kukataa kutoa hati ya kitaifa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya meza hii tunayoililia ilikuwa ni kukataa. Naomba msomaji wangu usilipite hilo haraka. Tunaandika maombi tukidhani upande wa pili kuna mtu anayetafuta sababu ya kutupa. Meza ile iliwekwa ili mwenye mali apate kupumua, na mtu aliyekaa pale anatafuta kwanza sababu ya kupunguza rundo. Ndiyo maana ukikosea tarehe, au ukazidisha kurasa mbili juu ya zile zilizotajwa, jina lako linatoka kabla mtu hajasoma habari za watoto wa stendi.

Sasa tuje kwa Andrew Carnegie, mzee wa chuma, maana huyu ndiye ambaye kwake nakiona kitu kinachofanana kabisa na fomu ya leo. Carnegie alijenga maktaba. Jumla yake, Marekani na nchi nyingine, zilizidi 2,500, na zaidi ya 1,600 kati ya hizo zilikuwa Marekani kwenyewe. Aliyepokea maombi alikuwa karani wake, James Bertram, Mskoti mkavu asiyependa maneno mengi. Mji ukiandika barua ndefu ya kumsifu Carnegie, Bertram alijibu kwa karatasi ya maswali. Mji una watu wangapi? Kuna maktaba sasa hivi? Iko wapi, ina vitabu vingapi? Kiwanja mnacho? Na lile swali la mwisho ambalo wengi liliwakwamisha: mko tayari kutenga kodi kiasi gani kila mwaka kuiendesha?

Kanuni ilikuwa rahisi. Ruzuku ilikadiriwa kuwa kama dola 2 kwa kila mkazi. Mji nao uliahidi kutoa kila mwaka asilimia 10 ya fedha iliyopewa. Ukijengewa maktaba ya dola 10,000, unatenga dola 1,000 kila mwaka, milele. Kiwanja ni chako. Vitabu ni vyako. Carnegie anatoa jengo basi.

Umeona? Kile kipengele cha "mchango wa mwombaji" na kile kingine cha "uendelevu wa mradi baada ya ufadhili kwisha" ambacho vijana wetu hukijaza kwa sentensi moja ya kubahatisha, vilishaulizwa na karani Bertram zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na alivyouliza yeye vilikuwa na maana. Aliogopa jengo lililotelekezwa lenye jina la bosi wake ukutani. Vijana wanapomjibu mfadhili kwamba "mradi utajiendesha wenyewe", ni sawa na mji kumwandikia Bertram kuwa maktaba itajisafisha yenyewe. Alitaka tarakimu, na tarakimu hiyo ilipitishwa na baraza la mji kwa kura.

Pamoja na ukali wote huo mambo hayakwenda sawa. Mwaka 1911 Carnegie alianzisha shirika lake kubwa la wakfu, Carnegie Corporation, na baadaye shirika hilo likamtuma mchumi Alvin Johnson azunguke aone maktaba zinafanya nini. Ripoti yake ya mwaka 1916 ilisema majengo yapo lakini wakutubi waliosomea kazi ni wachache, na kwamba fedha zingefaa zaidi kama zingesomesha watu. Mwaka 1917 ruzuku mpya za majengo zikasimamishwa. Tangu enzi hizo wafadhili wana hofu ya pili, kwamba hela inaweza kutumika vile vile ilivyoahidiwa na bado isilete kitu. Hofu hiyo tunaiita tathmini.

Haya, tuje nyumbani.

Mwaka 1924 ulifika Afrika Mashariki msafara wa tume iliyofadhiliwa na Phelps-Stokes Fund ya New York. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey, mwanazuoni kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kazi yao ilikuwa kutazama elimu ya Waafrika. Lakini jibu walikuja nalo mfukoni. Kusini mwa Marekani kulikuwa na utaratibu ulioitwa wa walimu wa Jeanes, kwa jina la Anna T. Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa dola milioni 1 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Mwalimu wa Jeanes hakukaa na darasa moja. Alizunguka shule hadi shule akifundisha kazi za mikono, usafi na bustani. Wa kwanza kupewa kazi hiyo, Virginia Randolph wa Henrico County, Virginia, mwaka 1908, alikuwa mwanamke hodari sana na sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni ule utaratibu ulivyosafirishwa.

Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete, nje ya Nairobi, kwa msaada wa Carnegie Corporation. Walimu waliletwa pamoja na wake zao na watoto. Waume walijifunza kusimamia shule za vijijini, wake walijifunza malezi, mapishi na usafi wa nyumba, na familia zote zilikaa kwenye nyumba za mfano ili wakirudi kwao wawe kielelezo. Kwa lugha ya maandiko ya leo tungesema ni "mradi jumuishi wa vijana na familia". Mfadhili yuko, walengwa wako, matokeo yametajwa. Kasoro ni moja tu: mwombaji alikuwa serikali ya kikoloni. Mzee wa Kiambu au wa Nyanza ambaye mtoto wake angeguswa na mradi hakuulizwa anataka nini, na wakati huo huo wazee wengi walikuwa wanadai shule za kusoma na kuandika Kiingereza kama za Wazungu. W.E.B. Du Bois kule Marekani alikuwa akimpinga Jones hadharani kwa sababu iyo hiyo, kwamba anawapangia watu weusi elimu ya jembe na nyundo wakati wao wanaomba chuo kikuu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Wapo waliofaidika Kabete, na eneo lile limeendelea kuwa mahali pa mafunzo: mwaka 1961 likawa chuo cha watumishi wa serikali, na leo ni sehemu ya Kenya School of Government. Ila ukisoma tangazo la ruzuku leo na ukakuta tayari limeshataja tatizo, sababu ya tatizo na dawa yake, ukabakiziwa wewe kutaja wilaya tu, ujue unasoma barua ya ukoo ule.

Sasa nifike kwa kijana ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeandika, au tuseme aliyesema, ombi bora la ruzuku ya vijana lililowahi kutoka Afrika Mashariki. Tom Mboya.

Wengi wetu tunaijua hadithi juu juu: ndege, wanafunzi, Kennedy. Tuitazame kama ombi la ruzuku. Mwaka 1959 Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia vyuo. Vyuo vilimpa nafasi za masomo. Tatizo lilikuwa nauli. Rafiki yake mfanyabiashara, William X. Scheinman, alikuwa ameanzisha naye African American Students Foundation, chombo kidogo tu cha kukusanya hela. Wakaandika barua ya kuomba michango kwa wananchi wa kawaida, ikasainiwa na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani familia ziliuza mifugo na vijiji vilichanga ili kijana asiende mikono mitupu. Mwezi wa 9 mwaka ule wanafunzi 81 wakatua New York.

Kwa mwaka 1960 nafasi za masomo ziliongezeka mara kadhaa na orodha ikawa si ya Kenya peke yake. Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini zaidi zikaingia. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapinga, ikisema vyuo vyenyewe havina kiwango. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kulipa ndege. Taasisi za wakfu zilizoombwa zilikataa. Zikiwa zimebaki wiki chache, tarehe 26 Julai 1960, Mboya akaenda Hyannis Port, Massachusetts, nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy, ambaye chama chake kilikuwa kimemteua kugombea urais siku 13 tu kabla. Mboya alikuwa na miaka 29.

Alienda na nini mkononi? Orodha ya vijana ambao tayari walikuwa na nafasi vyuoni. Ushahidi wa 81 waliotangulia. Bei ya ndege. Na tarehe: masomo yanaanza Septemba. Hakuwa na haja ya kuthibitisha kuwa tatizo lipo, kwa sababu kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kipande kimoja chenye bei inayojulikana. Nimeyasoma maandiko ya vikundi vyetu mengi kiasi. Kurasa sita za mwanzo ni takwimu za umaskini Tanzania, na bei ya kile hasa kinachoombwa unaitafuta kwa tochi.

Wakfu wa familia, Joseph P. Kennedy Jr. Foundation, ulioanzishwa mwaka 1946 kumkumbuka kaka aliyekufa vitani, ulikubali kutoa dola 100,000. Na hapa pana jambo linalonichekesha kila nikilifikiria. Wakfu huo kazi yake ilikuwa watoto wenye ulemavu wa akili. Nauli za wanafunzi kutoka Afrika hazikuwamo kabisa kwenye malengo yake. Kama Mboya angekuwa anajaza fomu, swali la kwanza tu lingemtoa: "Je, mradi wako unaendana na maeneo yetu ya kipaumbele?" Hapana. Ahsante kwa kuomba.

Kwa nini alipewa basi? Tuwe wakweli. Huruma ilikuwepo, Kennedy aliongoza kamati ndogo ya Seneti ya mambo ya Afrika na suala hili alilielewa. Lakini pia kulikuwa na uchaguzi Novemba na kura za Wamarekani weusi. Familia iliomba zawadi isitangazwe. Haikufichika. Watu wa Makamu wa Rais Nixon, mpinzani wa Kennedy, waliposikia, Wizara ya Mambo ya Nje iliyokuwa imekataa ikageuka ghafla katikati ya Agosti na kusema nayo ina dola 100,000. Seneta Hugh Scott akasimama Bungeni akadai kuwa Kennedy anatumia hela ya wakfu isiyotozwa kodi kuipokonya serikali mradi kwa faida ya siasa. Kennedy alijibu kwa hasira kwamba walioombwa wote walikuwa wamekataa kabla yake. Wanafunzi wakapanda ndege Septemba. Kati yao alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Dunia ilikuja kumfahamu kama Wangari Maathai, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 2004.

(Nisahihishe na kijiweni pale: baba yake Barack Obama hakupanda ndege hizo. Alikwenda Hawaii mwaka 1959 kwa njia yake. Obama mwenyewe alipohutubia Selma mwaka 2007 aliwapa akina Kennedy sifa hiyo, na mwaka uliofuata magazeti yakamrekebisha.)

Shikeni lile neno la Scott, hela ya wakfu isiyotozwa kodi. Litarudi.

Wakati Mboya anapata ruzuku kwa maongezi ya mchana mmoja, pale New York kuna asasi zilikuwa zinaandika. Mtaa wa Lower East Side, ambako Henry Street Settlement ilikuwa ikihudumia familia za wahamiaji tangu mwaka 1893, ulikuwa na vita vya magenge ya vijana. Mwaka 1957 watu wa mtaa huo walitengeneza mpango wa kuwasaidia vijana wakaupeleka Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili. Mpango ukarudishwa. Mnajua kazi, waliambiwa, ila hamna utafiti wala nadharia. Wakapewa fedha za kupanga upya, wakajiunga na maprofesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Richard Cloward na Lloyd Ohlin, na mwaka 1961 wakatoa andiko la kurasa 617. Nimesema mia sita na kumi na saba. Mradi ukaitwa Mobilization for Youth, na mwaka 1962 ukapata zaidi ya dola milioni 12 kutoka serikalini, kwenye jiji na kwa Wakfu wa Ford. Aliyeutangaza, White House, alikuwa Kennedy yule yule.

Andiko lile lilisema vijana wanaharibika kwa sababu njia halali za kupanda zimefungwa, kwa hiyo zifunguliwe. Hoja nzuri. Lakini watumishi walipoanza kuitekeleza, akina mama wakaanza kuwadai walimu wakuu, wapangaji wakagoma kulipa kodi kwenye nyumba zilizooza. Mwaka 1964 magazeti yakadai mradi umejaa wakomunisti na uchunguzi ukaanza. Kilichokuwa salama kwenye kurasa 617 kilikuwa cha hatari barabarani. Andiko lenyewe likabaki kuwa kielelezo, na tangu hapo asasi ya mtaani bila mtaalamu wa kuiandikia ikaanza kuonekana haijakamilika. Ajira ya mwandishi wa maandiko kwa malipo imetokana na mambo kama hayo.

Kisha ukaja mwaka 1969. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka ule, na mwezi wa mwisho wa mwaka huo huo sheria iliyobadilisha kazi yote ya kuomba ruzuku ikapitishwa Washington. Mbunge wa Texas, Wright Patman, alikuwa ameshazisakama taasisi za wakfu tangu mwanzo wa miaka ya 1960 akisema matajiri wanaficha hela humo. Wakfu wa Ford ukamwongezea kuni: ulikuwa umelipia uandikishaji wa wapiga kura weusi Cleveland kabla ya uchaguzi wa meya wa mwaka 1967, tena baada ya Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968 ukatoa ruzuku kwa wasaidizi wake 8. Hela ya wakfu isiyotozwa kodi, ndani ya siasa! Rais Nixon, aliyeshindwa uchaguzi ule wa 1960, ndiye aliyeitia saini sheria tarehe 30 Desemba 1969.

Sheria ile iliweka kodi kwenye mapato ya uwekezaji ya wakfu, ikazuia ruzuku za kampeni, na ikalazimisha kiasi fulani kitolewe kila mwaka. Leo kiasi hicho ni kama asilimia 5 ya mali ya wakfu, kwa hiyo ukisikia taasisi ina dola milioni 100, usiote milioni 100. Kinachotembea kwa mwaka ni kama milioni 5, na sehemu yake inalipa ofisi. Lakini kinachotuhusu zaidi ni sharti jingine. Wakfu ukimpa mtu asiyetambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani kama asasi ya hisani, na sisi huku wengi wetu ndio hao, basi ni lazima umchunguze kabla ya kumpa, usaini naye mkataba, hela ikae kwenye hesabu zake za pekee, alete taarifa kila kipindi, na wakfu wenyewe uripoti kwa watoza kodi. Usipofanya hivyo unatozwa faini.

Sasa kijana wa Mbagala anayelalamika kuwa "hawa Wazungu wanatudharau, wanataka katiba, wanataka hesabu zilizokaguliwa, wanataka akaunti ya mradi peke yake" na aelewe kwamba ofisa anayemwandikia naye anaogopa. Ndiyo maana katika vipengele hivyo hakuna ushairi unaosaidia. Hati ipo au haipo.

Mwaka ule ule wa 1969, kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, ndipo pia lilipobuniwa lile jedwali la safu 4 kwa 4 lenye lengo kuu, madhumuni, matokeo na shughuli, pamoja na viashiria na dhana. Waliolibuni walikuwa na nia njema, maana miradi ya serikali ilikuwa inatajwa bila mtu kujua ikifaulu itaonekanaje. Lilianzia serikalini, likaenea mpaka kwa wafadhili binafsi. USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Jedwali lake bado liko kwenye kompyuta zetu.

Kwetu Tanzania wimbi lilikuja miaka ya 2000. Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ilipitishwa mwaka 2002, mwaka huo huo ukaundwa Foundation for Civil Society wa kutoa ruzuku kwa asasi za hapa hapa, na fedha za UKIMWI nazo zikaanza kumiminika. Vikundi vikaota kama uyoga. Nakifahamu kimoja kilichoanza na mpira wa miguu wa mtaani. Kikawa cha UKIMWI. Kikawa cha utawala bora. Baadaye kikawa cha mabadiliko ya tabianchi. Vijana ni wale wale na uwanja ni ule ule, ila wameshabadilisha jina mara tatu, na nilipomuuliza mwenyekiti wao hasa wanafanya nini alinijibu, "Inategemea tangazo." Hakuwa anatania, wala si mwizi. Ndivyo miaka 20 ya kujaza fomu ilivyomfundisha. Kinachoniuma ni kwamba ligi yao ya mpira, ambayo watoto walikuwa wanaipenda, haikuwahi kuombewa hata senti.

Siku hizi kuna matajiri wanaosema fomu zote hizi ni mzigo, wazitupe. Anayetajwa zaidi ni MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa Jeff Bezos, ambaye kuanzia mwaka 2020 amekuwa akigawa mabilioni bila watu kuomba. Asasi inapigiwa simu tu kwamba imepewa, na itumie inavyoona. Wengi tulishangilia. Lakini kupigiwa simu kunataka mtu awe ameshakusikia, na kikundi cha Mbagala nani amekisikia? Naona na yeye aliliona hilo, maana mwaka 2023 alifungua mlango wa maombi kwa mara ya kwanza, kwa asasi ndogo za jamii zilizoko Marekani peke yake, akaahidi dola milioni 1 kwa kila moja ya asasi 250. Waombaji walianza kwa kusahihishana wao kwa wao, kisha jopo likachuja. Matokeo yalipotoka Machi 2024 alikuwa ameongeza dau: asasi 361 ziligawana dola milioni 640. Walioomba walikuwa 6,353.